Wanapima kabla ya kufungua: tathmini ya gereji ya pikipiki Isevya, Tabora

Katika mji wa Tabora si vigumu kumpata fundi pikipiki. Lililo gumu ni kumpata fundi atakayekueleza kwa nini pikipiki yako haiwaki kabla ya kukutajia spea za kwenda kununua. Kila kijiwe cha bodaboda, kuanzia Ng'ambo hadi Kiloleni, kina fundi wake mwenye sanduku la spana, na kwa kazi za kila siku kama kubadilisha mnyororo, kuziba pancha, kurekebisha klachi au kumwaga oili, mafundi hao ni wepesi na bei zao ni nafuu. Pikipiki inapokataa kuwaka, hata hivyo, wengi wao hufuata njia moja: badilisha plagi, ikikataa badilisha koili inayokuza umeme wa plagi, ikikataa badilisha sidiai (CDI), yaani kisanduku kinachoongoza cheche, ikikataa fungua kabureta, inayochanganya hewa na petroli. Njia hiyo siku nyingine hufanikiwa, kwa sababu anayerusha mawe mengi gizani hakosi kupiga kitu, lakini mteja ndiye anayelipia kila jiwe.

Gereji ninayoitathmini hapa ipo Isevya, ndani kidogo kutoka barabara ya lami, chini ya mwembe mkubwa ambao msimu wa maembe huwalazimu wateja kuchagua kwa uangalifu mahali pa kukaa. Haina bango. Ina kibanda kimoja cha mabati, meza ndefu ya mbao iliyolowa oili, na mafundi watatu: mtu mzima ambaye kila mteja humwita Mzee, na vijana wawili wanaojifunza kwake. Kinachoitofautisha na gereji nyingine nilizozizoea ni vitu vilivyopangwa juu ya meza hiyo, yaani multimita, kifaa cha kupimia umeme, ambayo nyaya zake zimefungwa tepu kwa uzee, chaja ya betri, kifaa cha kupimia cheche, geji ya mgandamizo, kompresa ndogo ya upepo, na chupa ya dripu ya hospitali yenye mpira mrefu, ambayo matumizi yake nitayaeleza mbele.

Nilipeleka pale pikipiki ya cc 125 yenye kabureta, inayowashwa kwa stata au kwa kiki, ambayo ninaitumia kufuata asali kwa wafugaji wa nyuki wa upande wa Sikonge. Ilikuwa imeanza kwa kuwaka kwa shida asubuhi, ikafuata kuzima barabarani na kuwaka tena baada ya kupumzishwa, na mwisho ikagoma kabisa. Fundi mmoja wa sehemu nyingine ya mji alikuwa ameshanibadilishia plagi, koili na sidiai. Pikipiki iliwaka mbele yake, nikalipa, na kabla wiki haijaisha ikarudia tabia ile ile.

Mzee hakuigusa kwanza. Baada ya salamu alivuta kigoda akakaa pembeni ya injini, akaanza kuuliza.

"Ilizima yenyewe barabarani, au uliizima wewe ukakuta haiwaki tena?"

"Vyote viwili vimetokea, Mzee."

"Ikizima yenyewe, inakata ghafla kama mtu kazima ufunguo, au inakohoa kwanza, inapungua nguvu, ndiyo inazima?"

Nilimjibu kwamba mara nyingine hukata ghafla, na mara nyingine hukohoa. Alitikisa kichwa polepole akasema, "Basi, mwanangu, hayo ni magonjwa mawili. Tutayatibu moja moja, maana ukiyachanganya hutajua lipi limepona."

Naona jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kazi yote iliyofuata. Injini ndogo ya petroli inahitaji mambo machache ili iwake: mchanganyiko wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Moto wa plagi ukikatika, injini hufa papo hapo, kwa sababu hakuna akiba ya cheche inayohifadhiwa mahali popote. Petroli ikikatika, injini haifi papo hapo, kwa kuwa bakuli la kabureta huwa bado lina petroli kidogo. Itaendelea kuunguruma, mchanganyiko utakosa nguvu kadiri petroli inavyoshuka ndani ya bakuli, itakohoa, kisha itazima. Mwenye pikipiki akiweza kueleza namna ilivyozima, nusu ya kazi ya fundi imekwisha, na ni ajabu kwamba sikumbuki kuulizwa swali hilo mahali pengine.

Walianza na umeme. Betri iliyotulia na kujaa chaji inapaswa kuonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8, yangu ilionyesha 12.1, na kijana alipobonyeza stata ikaanguka chini ya volti 9, huku rilei, swichi ya umeme ya stata, ikigonga tak-tak bila mota kuzunguka. Fundi mwenye haraka angeniambia ninunue betri nyingine. Mzee alisema betri hiyo imechoka kwa kupigwa stata kutwa nzima bila injini kuwaka, na kwamba uchovu huo ni matokeo, si chanzo. Aliitoa, akasafisha vichwa vyake vilivyoota ukungu wa kijani, akaiunganisha na chaja, kisha akaendelea na uchunguzi kwa kutumia kiki.

Ili kuhalalisha uamuzi huo alinieleza jambo ambalo kila mwenye pikipiki angefaa kulijua. Mifumo ya sidiai ni ya namna mbili. Ipo inayolishwa na koili nyingine iliyo ndani ya sumaku, yaani jenereta ndogo iliyo pale ubavuni mwa injini, na pikipiki ya namna hiyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, mradi mengine yote ni mazima. Ipo pia inayolishwa na betri yenyewe, na hiyo betri ikilala, hata upige kiki hadi goti liume hutapata moto wa maana. Katika namna zote mbili sidiai hujaza kapasita yake, kihifadhi cha umeme, hadi volti mia kadhaa, kisha huimwaga kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi, nayo koili hukuza volteji hiyo hadi kufikia maelfu mengi ya volti yanayoruka kwenye ncha ya plagi. Kwa hiyo anayekwambia "betri yako ndogo, ndiyo maana haina moto" anaweza kuwa anasema kweli au anakudanganya, kutegemea pikipiki yako ni ya namna ipi. Mzee alifuata nyaya kutoka kwenye sumaku hadi kwenye sidiai akathibitisha kwamba yangu ni ya namna ya kwanza.

Kipimo cha cheche pale Isevya hakifanywi kwa kuishika plagi mkononi na kuangalia kama kuna kitu kinamulika. Wana kifaa chenye mwanya unaorekebishwa, nao huuweka kwenye milimita 6 hivi, kwa sababu cheche inayoruka vizuri kwenye mwanya mdogo wa plagi ikiwa nje inaweza kushindwa kabisa kuruka ndani ya silinda, ambako hewa imegandamizwa. Kifaa kiliunganishwa, mguu wake ukabanwa kwenye chuma cha injini, na kijana akapiga kiki. Hakuna moto. Akapiga tena, hakuna. Kisha, akitafuta nafasi nzuri ya kusimama, aliusukuma usukani uliokuwa umelalia kushoto ukanyooka, akapiga kiki, na cheche ya bluu ikaruka kwa mlio mkavu uliosikika hadi tulipokaa.

Mzee alimwambia asiguse kitu kingine chochote. Aliurudisha usukani kushoto mwenyewe, akaamuru kiki ipigwe: giza. Akaunyoosha: bluu. Ndipo alipochomoa waya mmoja tu kwenye soketi ya sidiai, ule unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo na swichi ya kuzimia injini, na tangu hapo cheche iliruka vilevile, usukani upinde uendako.

Hapa panahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi za wenye pikipiki zinapopotelea. Katika mfumo unaolishwa na sumaku, kuzima injini si kukata umeme. Ni kuuelekeza waya wa kuzimia ukaguse fremu, ili umeme uliokusudiwa kujaza kapasita upotelee kwenye chuma. Maana yake ni kwamba waya huo ukichubuka mahali popote na kugusa chuma, pikipiki inaamini kwamba mwenyewe ameizima. Mzee aliweka multimita kwenye sehemu ya kupima mwendelezo, ambapo hulia ncha zake mbili zikiwa zimeungana kwa umeme, ncha moja kwenye waya huo na nyingine kwenye fremu, ufunguo ukiwa umewashwa. Ilivyotakiwa, kifaa kikae kimya. Kilikaa kimya usukani ukiwa umenyooka, kikakaa kimya ulipopinda kulia, na ulipopinda kushoto kikalia mfululizo. Walifungua taa ya mbele wakalifuata fungu la nyaya hadi shingoni mwa fremu, na pale lilikuwa limekazwa na waya wa kufungia na mtu aliyeweka taa za ziada, likakosa ulegevu wa kufuata usukani. Plastiki ya waya mweusi wenye mstari mweupe ilikuwa imelika ikabaki shaba tupu, sehemu isiyozidi urefu wa punje ya mchele.

Mambo yote yakaeleweka hapo hapo. Pikipiki ikiegeshwa kwa stendi ya pembeni, kwa kawaida usukani hulalia kushoto, na ndiyo sababu iligoma baada ya kuegeshwa. Barabarani ilikata ghafla kwenye kona za kushoto. Fundi wa kwanza alipopima moto usukani ulikuwa umelalia kushoto, akaona hakuna cheche, akahukumu koili. Alipomaliza kufunga sidiai mpya alikuwa ameshausogeza usukani, cheche ikarudi, na sidiai mpya ikapewa sifa isiyostahili. Mzee aliniomba koili na sidiai za zamani, ambazo nilikuwa nazo ndani ya mfuko, akazifunga mojamoja mahali pa zile mpya, na injini ilipokuja kuwaka baadaye iliwaka kwa zote. Vitu vyangu vilikuwa vizima tangu mwanzo. Aliniambia nivitunze kama akiba ya safari.

Waya uliunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha, si kwa kusokota na kuzungushia tepu, ukavishwa mpira, na fungu zima likapewa ulegevu kisha likafungwa upya mahali pasipobanwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa utaratibu unaostahili kusifiwa. Kijana aliyeifanya aliusogeza usukani kutoka ncha hadi ncha mara nyingi huku multimita ikiwa bado imeunganishwa, na hakuridhika hadi Mzee aliposema inatosha.

Moto sasa ulikuwapo, lakini pikipiki haikuwaka. Kwa mtu asiyekuwa pale wakati wa maswali hilo lingekuwa jambo la kukatisha tamaa. Kwetu lilikuwa ndilo lililotarajiwa. Plagi ilitolewa baada ya kiki kadhaa ikakutwa kavu kabisa. Plagi iliyolowa petroli huonyesha kwamba mafuta yanafika na tatizo lipo kwenye moto, au kwamba injini imekunywa kupita kiasi. Plagi kavu huonyesha kwamba mafuta hayafiki. Hapo ndipo ilipoingia kazini ile chupa ya dripu. Waliijaza petroli safi, wakaitundika kwenye kioo cha pembeni, wakaunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye kabureta, wakalipita tangi, koki na chujio kwa mkupuo mmoja. Choki ikavutwa, kiki ikapigwa, na injini ikawaka, ingawa ilizima kila choki iliporudishwa. Kwa kitendo hicho kimoja walijua mambo mawili: upande wa tangi una kizuizi, na kabureta nayo haina afya kamili.

Walianza na tangi. Mpira wa kawaida ulichomolewa kwenye kabureta ukaelekezwa ndani ya chupa ya kioo, koki ikafunguliwa. Petroli ilitoka vizuri, ikapungua ikawa uzi, ikawa matone, ikasimama, ilhali tangi lilikuwa na zaidi ya nusu. Mzee alifungua mfuniko wa tangi, ukasikika mvumo wa hewa ikiingia ndani, na petroli ikaanza kutiririka upya. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kuingizia hewa; kikiziba, petroli inayotoka haipati kitu cha kujaza nafasi yake, mvuto unajengeka ndani ya tangi, na mafuta yanakataa kushuka. Ukiiacha pikipiki ipumzike, hewa hupenya taratibu, na ndiyo sababu huwaka tena baada ya kitambo na kumfanya mwenyewe aamini kwamba injini ilikuwa imepata joto. Mzee alikikwangua kitundu kile kwa sindano, akatoa uchafu wa rangi ya kahawia unaonata, akaunusa, akacheka.

"Hii ni asali, mwanangu. Asali na vumbi la Sikonge."

Sikubisha. Mfuniko uliloweshwa kwenye maji ya moto, ukapulizwa kwa kompresa na kurudishwa.

Kwenye kabureta walifungua kwanza skrubu ya chini ya bakuli, bila kuishusha kabureta yenyewe, wakakinga kilichomo kwa kopo la kioo. Baada ya kutulia, kopo lilionyesha tabaka mbili: petroli juu, na chini yake maji yenye chembe za kutu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ikiwa na uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo maji yakiingia kwenye mfumo hukaa chini kabisa ya bakuli, mahali hasa ambako jeti, vijitundu vya kupimia petroli, huvutia. Maji hayo huweza kuingia kwa mvua kupitia mfuniko, kwa unyevu wa hewa ndani ya tangi linalokaa bila kujazwa, au kwa petroli ya kwenye chupa inayouzwa kando ya barabara huko tunakokwenda, ambako kituo cha mafuta kiko mbali na hakuna namna nyingine. Mzee hakunikataza kununua petroli ya chupa, maana anaijua barabara ile. Alinishauri niipitishe kwenye kitambaa safi na kuiacha itulie kabla ya kumimina, na nisimimine tone la mwisho.

Kilichofuata kilikuwa kushusha kabureta na kuiosha, jambo ambalo mafundi wengine hulifanya kwanza na hawa hulifanya karibu mwisho. Jeti ndogo, ile inayolisha injini wakati wa kuwaka na inapounguruma bila kuvutwa mafuta, ilikuwa imeziba, na hiyo ndiyo iliyofanya injini itegemee choki. Tundu la jeti hiyo halifiki nusu milimita. Kijana mmoja alitaka kulizibua kwa waya, Mzee akamzuia kwa ukali ambao hakuwa ameuonyesha siku nzima, akisema shaba ya jeti ni laini, na waya ukilipanua tundu hata kidogo pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote wala hutajua kwa nini. Waliiloweka, wakaipuliza kwa upepo, wakaielekeza kwenye mwanga wa jua hadi tundu likaonekana duara safi. Sindano ya boya, inayofunga petroli bakuli likijaa, ilikaguliwa ikaonekana haina mfereji, boya likatikiswa kusikilizwa kama limeingiwa na petroli ndani, na bakuli likafungwa.

Mgandamizo walikuwa wameshaupima mapema wakati plagi iko nje, ukaonekana mzuri, na hawakupoteza muda wowote kwenye valvu wala pistoni. Pikipiki iliwaka kwa kiki. Betri iliporudishwa, multimita ilionyesha zaidi kidogo ya volti 14 injini ikivutwa mafuta, maana yake mfumo wa kuchaji ni mzima, na stata nayo ikafanya kazi.

Kuhusu bei, gereji hii hutoza shilingi 10,000 kwa uchunguzi, iwe tatizo ni fyuzi au ni kubwa, na fedha hiyo hulipwa hata ukiamua kuondoka na pikipiki yako bila kutengenezewa. Wapo wanaolalamikia utaratibu huo, wakisema huwezi kulipia maneno. Mimi nauona kuwa wa haki. Kazi ya kuunganisha waya, kusafisha mfuniko na kuosha kabureta iliniongezea shilingi 15,000, na jumla hiyo haifikii nusu ya nilizotumia kununua koili na sidiai ambazo hazikuhitajika. Spea hawauzi. Ikihitajika, hukupa ile iliyoharibika uende nayo dukani kama kielelezo, na ukirudi huipima mpya kabla ya kuifunga. Nilimwona mteja mmoja akirudishwa dukani na kofia ya plagi iliyosomeka ukinzani usiokuwa na mwisho wakati ilitakiwa kuwa na omu elfu tano hivi. Mwenye duka hawezi kuwapenda sana.

Zipo kasoro, na si ndogo. Ya kwanza ni muda. Bodaboda hutangulizwa mbele ya wateja wengine, kwa hoja kwamba wana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, hoja ambayo naielewa lakini inamfanya mtu aliyekuja asubuhi atengenezewe mchana. Ya pili ni kumbukumbu: hawaandiki risiti wala karatasi yoyote inayoonyesha kilichopimwa na kilichobadilishwa, kwa hiyo ukirudi baada ya miezi unategemea kumbukumbu ya Mzee, ambayo ni nzuri lakini si daftari. Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Beseni la petroli la kuoshea kabureta lilikuwa wazi hatua chache kutoka mahali walipokuwa wakirusha cheche, na kinga pekee ya moto niliyoiona ni ndoo ya mchanga iliyojaa majani ya mwembe. Watu wanaojua kwa undani namna cheche inavyowasha petroli hawana udhuru wa kuacha beseni hilo bila mfuniko, na petroli chafu kumwagwa kwenye udongo nyuma ya kibanda ni jambo lingine ambalo majirani wana haki ya kulilalamikia.

Kwa anayetaka kwenda, iwe anatoka mjini au anakokota pikipiki kutoka Urambo au Nzega, ushauri wao ni kwamba uilete ikiwa na ugonjwa wake wote. Usijaze tangi kwanza, usiioshe, wala usimruhusu mtu wa kijiweni kufungua kabureta njiani, kwa kuwa kila kinachofunguliwa hufuta alama waliyokuwa waifuate. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, foleni huwa ndefu zaidi kutokana na pikipiki zinazogoma baada ya kunyeshewa. Kwa hizo wana njia yao: huiingiza pikipiki ndani ya kibanda, hufunga mlango kupate giza, hupulizia maji kidogo kwenye waya wa plagi na kofia yake, na kiki ikipigwa cheche huonekana zikitambaa juu ya mpira uliopasuka badala ya kufika kwenye plagi.

Jumapili hawafungui, na Ijumaa husimama mchana kwa ajili ya swala. Pikipiki zinazotumia mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia mafuta badala ya kabureta bado ni chache mjini hapa, na gereji hii haina kifaa cha kuzisomea. Ukiwapelekea, watapima betri, watakagua fyuzi, watawasha ufunguo wasikilize kama pampu iliyo ndani ya tangi inatoa mlio wake mfupi, kisha watakwambia wazi kwamba uwezo wao umeishia hapo, na kwa hilo hawatozi ile elfu kumi.